Vijumba vya Krismasi: vya kwetu viko wapi?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nisemee hivi vijumba vya Krismasi, vile vidogo vyenye taa ndani ambavyo mtu anavipanga mezani mpaka vinakuwa kijiji, maana kila Disemba nikivitoa kwa boksi hapa kwangu Walukuba, Jinja, jirani lazima aseme mama hayo ni mambo ya wazungu, theluji wewe umeiona wapi? Theluji iko Uganda hii hii, huko juu Rwenzori, na hiyo yangu ni pamba tu ya duka la dawa.

Alafu hivi vijumba vimetoka mbali na vimetoka kwa pango la Noeli, lile lile tunalojenga kanisani. Mtakatifu Fransisko alifanya pango lake Greccio, Italia, mwaka 1223, baadaye Wakristo Wamoraviani wa kule Bethlehem, Pennsylvania, wakawa wanaweka chini ya mti pango na kijiji kizima pembeni, wanaita putz. Miaka ya 1920 na 1930 Wajapani wakatengeneza vya karatasi ngumu, bei rahisi, vina tundu nyuma la kuingiza taa, wakauza sana Marekani. Hivi vya kauri vinavyokusanywa siku hizi vilianza kupendwa sana 1976, kampuni ya Department 56 ya Minnesota ilipotoa nyumba sita. Kwa hiyo kila watu walichukua wakafanya kwa mkono wao, sasa sisi nani alitukataza?

Mimi ninavyo 11. Cha kwanza nilikipata soko la Owino, Kampala, katikati ya vikombe vya mitumba, kanisa dogo la paa jekundu, mnara umebanduka rangi kidogo, nikakibeba kwa mapaja mpaka Jinja kama mtoto. Kufika nikachomeka bila kuangalia, kumbe waya ni wa Marekani wa volti 120 na umeme wetu ni 240, balbu ikapasuka paa! nyumba nzima ikanuka plastiki ya kuungua, wajukuu wakakimbilia nje. Wasomaji tafadhali someni namba kwenye waya kabla hamjachomeka. Siku hizi naweka vitaa vya betri, na hata umeme ukikatika kijiji changu kinawaka peke yake, hapo ndio watoto wa jirani (wa yule yule jirani) wanajaa sebuleni.

Mwaka jana mjukuu wangu alikata boksi la sabuni akafanya nyumba ya Walukuba, ile mistari yetu ya nyumba zilizoungana, madirisha akabandika karatasi ya njano ya peremende, mlangoni akaweka sigiri, yaani jiko la mkaa, ya kifuniko cha soda. Nikaiweka karibu na lile kanisa na nawaambia kila mgeni aliyeingia aliangalia hiyo kwanza, vya kauri baadaye.

Ndio naomba mafundi wetu wa udongo, nyinyi mnaofinyanga sigiri na vyungu barabarani, mtufanyie makanisa makuu ya Kampala, Namirembe na kuba lake, Rubaga na minara yake miwili, duka la kona, kibanda cha rolex (chapati ya kuviringisha na mayai), mwache tundu nyuma la taa. Pale mezani nimeacha nafasi ya vitatu na pesa nimeshaweka pembeni.

Bibi wa vijumba,
Walukuba, Jinja