Barabara ya Seward ipanuliwe, majabali yabaki

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu barabara kuu ya Seward, hasa kipande cha kati ya Rabbit Creek na Bird Flats, kusini mwa Anchorage, ambacho idara ya uchukuzi ya jimbo la Alaska imekuwa ikipanga kukipanua na kukinyoosha. Sababu ya mpango huo naielewa na naiunga mkono. Barabara ni nyembamba, imebanwa kati ya mlima na reli, na ng'ambo ya reli ni maji ya Turnagain Arm, mkono wa bahari. Magari yamegongana uso kwa uso pale, na familia zimezika watu wao. Kipande hicho kiliwekwa kwenye uangalizi maalumu wa usalama mwaka 2006, faini zikaongezwa maradufu, na hata leo hakiendeki bila wasiwasi. Ombi langu ni kwamba wakati wa kuipanua, majabali yaliyo kando, ambayo watu wetu huyapanda kwa kamba kama mchezo, yasilipuliwe pasipo lazima, wala sehemu za kuegesha chini yake zisifutwe.

Msomaji aliye mbali akisikia watu wa Alaska wanapanda miamba, mawazo yake huenda moja kwa moja Denali, mlima wa mita 6,190. Wengi wanaoupanda huruka kwa ndege ndogo kutoka Talkeetna, wakashushwa kwenye barafu ya Kahiltna, wakakaa huko wiki mbili au tatu. Kibali peke yake ni mamia ya dola. Huo ni mchezo wa mtu mwenye likizo ndefu na akiba benki, na vijana wetu wa mtaa wa Mountain View hawana kimoja wala kingine.

Wanayo majabali ya Turnagain Arm. Kutoka katikati ya jiji hadi McHugh Creek, kando ya barabara hiyo, ni kama kilomita 24. Kuna majabali pale ambayo ukishaegesha gari unatembea dakika chache tu, mara nyingine hata jasho halijakutoka, na tayari uko chini ya ukuta wa mwamba wenye bolti za kushikia kamba zilizokwisha kupigwa na wapandaji waliotangulia. Kuta nyingi zinatazama maji kwa upande wa kusini-magharibi, kwa hiyo jua la Aprili huzikausha wakati milima iliyo nyuma yake bado imelala chini ya theluji. Katikati ya Juni mchana wa Anchorage una urefu wa zaidi ya saa 19. Hapo ndipo ukaribu unapokuwa na maana kubwa. Watu wetu wengi hufanya kazi za zamu: kupakia mizigo uwanja wa ndege, kusafisha hospitali, kutunza wazee majumbani. Mtu akitoka kazini saa moja jioni anaweza kumchukua mwanawe, wakapanda njia mbili tatu juani, na wakarudi nyumbani kabla giza halijaingia.

Kuna na wale ambao miguu yao haiwafikishi mbali. Kwenye majabali ya kando ya barabara, babu mwenye goti bovu anaweza kukaa kwenye kiti chake akamwangalia mjukuu akipanda. Kijana mwenye mguu wa bandia anaweza kuufikia mwamba bila kupanda kwanza mlima wa saa mbili ili aanze kupanda. Jabali la nyuma ya mlima, hata liwe zuri namna gani, haliwezi kuchukua nafasi ya hili kwa watu hao.

Sitaki kuupamba mwamba wenyewe. Ni mwamba wa kale wa matope na mchanga uliogandamizwa, umepasukapasuka, na mawe hudondoka. Kofia ngumu si ya hiari, hata kwa anayeshika kamba chini, wala kwa mtoto anayetazama. Kelele za malori huzima sauti, basi anayepanda na anayeshika kamba wakubaliane ishara za kuvuta kamba kabla mtu hajainua mguu. Na baada ya kupanda, mtu asishuke kutembea kwenye lile tope la ufukweni maji yanapokupwa: linaonekana gumu, kumbe humnasa mtu miguu, na maji ya bahari ile hurudi kwa kasi ya kutisha. Haya nayasema kwa wazazi hasa, kwa kuwa mtoto anayekwenda na mtu mzoefu atayafundishwa siku ya kwanza.

Najua nitaambiwa kuna Hatcher Pass. Ni kweli, na mawe ya graniti ya bonde la Archangel ni bora kuliko haya yetu, hilo silibishii. Lakini ni karibu kilomita 100 kutoka mjini, njia ya kuingia bondeni ni mbovu, na theluji kwa kawaida huifunga hadi mwezi wa saba. Anayetuelekeza huko anatuelekeza kwenye majira mafupi mno na tangi zima la mafuta.

Barabara hii inapita ndani ya Hifadhi ya Jimbo ya Chugach, iliyoanzishwa mwaka 1970. Sheria ya uchukuzi ya Marekani ya mwaka 1966, kifungu 4(f), inasema mradi wa barabara wenye fedha za serikali kuu usichukue ardhi ya hifadhi ya umma ila pale ambapo hakuna njia nyingine ya busara na inayowezekana, na hata hapo madhara yapunguzwe kadiri inavyowezekana. Kwa hiyo tunachoomba hakihitaji huruma ya mtu. Wahandisi waonyeshe, jabali kwa jabali, ni lipi haliepukiki na kwa nini. Sehemu za kuegesha zijengwe upya kwa usalama, zenye njia ya kuingia na kutoka isiyomlazimu dereva kukata mbele ya magari yaendayo kasi. Zitawafaa pia wanaosimama ghafla pale Windy Corner kutazama wale kondoo weupe wa mlimani, jambo ambalo kwa sasa ni hatari tupu.

Tena, kama fedha za kupasua mlima zipo, zipatikane na za basi. Mabasi ya jiji hayafiki huko. Basi moja la Jumamosi na Jumapili, kuanzia Mei hadi Septemba, lenye kushusha watu McHugh Creek na Bird Creek, lingewafikisha vijana wasio na gari.

Kwa Waswahili wenzangu wa Anchorage, Wakongomani, Wakenya, Watanzania na wengineo: maoni ya wananchi hupokelewa kwa maandishi na kwenye mikutano ya hadhara. Tuombe mkalimani wa Kiswahili awepo, na wazazi waende pamoja na watoto wao, kwa sababu mtoto aliyewahi kupanda pale atawaeleza wahandisi ni jabali gani analozungumzia na anasimama wapi kulifikia.

Msomaji wenu,
Mountain View, Anchorage, Alaska