Rubani wa akiba jeshini: maandalizi yaanze Kidato cha Pili

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nijibu, kwa faida ya wasomaji wengi, swali ambalo wanafunzi wangu wa sekondari hapa Pemba wamekuwa wakiniuliza sana siku hizi: mwanafunzi ajitayarishe vipi ili awe rubani wa ndege za kijeshi kwa muda maalumu tu, yaani rubani wa akiba, huku siku nyingine akiendelea na kazi yake ya kiraia? Wameona katika simu zao kijana wa Kimarekani anayerusha ndege ya abiria siku za kazi, na ikifika mwisho wa wiki anavaa sare na kupanda ndege ya kivita. Swali hili ni zuri, na mtoto anayeliuliza hastahili kukatishwa tamaa. Anastahili kuelezwa ukweli wote, kwa kuwa habari alizonazo ni nusu tu.

Utaratibu huo upo, na Marekani ni miongoni mwa nchi ulikokomaa. Jeshi la Anga la nchi hiyo lina matawi mawili ya akiba. Moja, ninalolieleza hapa, ni Air National Guard, lililopata hadhi yake ya sasa mwaka 1947, mwaka uleule ambao Jeshi la Anga lilitenganishwa na jeshi la nchi kavu, na lina vikosi katika majimbo yote 50. Kwa desturi wanajeshi wake hutumikia wikiendi moja kila mwezi na wiki mbili kila mwaka, lakini marubani huitwa kambini mara nyingi zaidi, kwa sababu rubani asiyeruka mara kwa mara hupoteza umahiri wake. Wengi wao ni marubani wa mashirika ya abiria, na sheria za huko zinawapa nafuu ya wazi: raia wa kawaida hutakiwa kuwa na saa 1,500 za kuruka kabla ya kupata leseni ya juu ya urubani wa mashirika, ilhali aliyefunzwa urubani na jeshi anaweza kupewa leseni yenye masharti akiwa na saa 750.

Ambalo vijana hawaelezwi ni kwamba utumishi ndio wa muda maalumu. Mafunzo yenyewe ni ya muda wote, bila nafasi ya kazi nyingine. Aliyechaguliwa hupitia kwanza mafunzo ya uafisa, kisha takriban mwaka mzima wa urubani, akipitia ndege ndogo ya mafunzo iitwayo T-6, na baada ya hapo miezi mingine ya kuijua ndege ya kikosi chake pamoja na mafunzo ya kujiokoa porini na majini. Akishavishwa alama ya mabawa ya kuhitimu urubani, anakuwa amejifunga kulitumikia jeshi kwa miaka 10, na katika miaka hiyo anaweza kuitwa na kupelekwa vitani. Mzazi anayemsikia mwanawe akitamani kazi hii ampe habari hiyo mapema, kwa utulivu, wala asiifiche.

Sifa za kuingilia nazo zinajulikana. Mwombaji awe raia wa Marekani, awe na shahada ya kwanza ya fani yoyote, na umri wake usipindukie mwanzoni mwa miaka ya thelathini. Hufanya mtihani wa maafisa uitwao AFOQT, wenye maswali ya hisabati na lugha, na kwa marubani pia maswali ya kusoma ala za ndege (vipimo vilivyo mbele ya rubani) na kutafuta namba katika majedwali kwa haraka sana. Hufanya pia jaribio la kompyuta la kupima jinsi macho na mikono yake vinavyoshirikiana. Matokeo hayo hujumlishwa kuwa alama moja, na saa alizokwisha kuruka katika ndege za kiraia humwongezea. Kisha huja jambo ambalo binafsi naliona zito kuliko mtihani: kikosi chenyewe humwita, marubani wake humhoji, na wao ndio wanaoamua kama ni mtu wa kuruka naye kwa miaka mingi. Mwenye majivuno, mwenye uongo mdogo mdogo, au mwenye rekodi ya dawa za kulevya, hapo ndipo anapoachwa.

Sasa nirudi kwetu. Wapo watoto wa Kizanzibari waliozaliwa Marekani, wana uraia wa huko, na baadhi yao wanasoma barua hizi wakiwa mbali. Kwao mlango uko wazi, kwa mabinti kama kwa wavulana, na wanaweza kuanza wakiwa na miaka 12 katika shirika la kujitolea la Civil Air Patrol, ambalo huwapandisha vijana ndege ndogo ili waonje urubani. Kwa mtoto aliyezaliwa na kukulia Wete au Makunduchi hali ni nyingine. Sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, nami simshauri kijana yeyote aukane uraia wake kwa tamaa ya kurusha ndege ya nchi nyingine.

Hapa nyumbani, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililoundwa tarehe 1 Septemba 1964, lina Kamandi ya Jeshi la Anga, lakini rubani wake ni mwanajeshi wa kudumu. Mgambo, ambao ndio jeshi letu la akiba, ni wa nchi kavu. Basi kijana wa hapa ana njia mbili zilizo karibu na anachokitamani: kuingia jeshini moja kwa moja, akifuata matangazo ya jeshi na masharti yake ya uraia, elimu, afya na mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, au kuwa rubani wa kiraia chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Njia hii ya pili hufuata viwango vya kimataifa. Leseni ya rubani binafsi hutaka umri wa miaka 17 na angalau saa 40 za kuruka, ile ya biashara hutaka miaka 18 na kwa kawaida saa 200, na anayeruka kimataifa lazima athibitishe kuwa anaweza kuzungumza Kiingereza redioni kwa kiwango cha nne cha kimataifa. Gharama yake ni kubwa mno kwa familia nyingi za visiwani, na hili lazima lisemwe waziwazi kabla mzee hajauza shamba la mikarafuu.

Njia hizi zote, ya Marekani na za kwetu, zinakutana katika msingi mmoja, na msingi huo huwekwa skuli. Ninachokiona mwaka baada ya mwaka kinanisikitisha sana: kijana anasema anataka kuwa rubani, lakini akifika Kidato cha Tatu anaiacha Fizikia kwa kuwa rafiki zake wameiacha, na Hisabati anaifanya kwa kuwa ni ya lazima tu. Huyo amejifungia mlango mwenyewe, wala hakuna aliyemwambia. Shahada ya Marekani inaweza kuwa ya fani yoyote, ni kweli, lakini mtihani wa maafisa na darasa la urubani havimsamehe asiyejua pembe, kasi na mgandamizo wa hewa.

Tena somo hili lina mifano mbele ya macho yetu. Njia ya kurukia ndege ya Uwanja wa Abeid Amani Karume imeandikwa 18 upande mmoja na 36 upande wa pili, yaani digrii 180 na 360 za dira, kusini na kaskazini. Ndege huruka na kutua zikiukabili upepo, kwa sababu kinachoinua bawa ni mwendo wa hewa inayolipitia, si mwendo wa magurudumu ardhini. Ndiyo maana upepo wa kusi ukivuma ndege huelekea kusini, na msimu wa kaskazi huelekea kaskazini. Upepo wa kilomita 40 kwa saa ukiikata njia hiyo kwa pembe ya digrii 30, ubavuni mwa ndege una kilomita 20 kwa saa, na rubani lazima aijue hesabu hiyo kabla hajashuka. Wavuvi wetu wamezisoma pepo hizi karne nyingi. Mwanafunzi anayetaka urubani azisome pamoja nao, kisha azichore kwa vekta, yaani mishale inayoonyesha nguvu na mwelekeo wa upepo, katika daftari lake. Vitabu vya mafunzo ya urubani vya mamlaka ya anga ya Marekani vinapatikana bure katika intaneti, na vinafaa kwa anayesoma popote.

Afya nayo isingoje. Kijana apimwe macho mapema, pamoja na uwezo wa kutofautisha rangi, kwani miwani haimzuii kila mtu, lakini asiyetofautisha rangi haingii katika urubani wa Jeshi la Anga la Marekani. Aliyeugua pumu baada ya kutimiza miaka 13 atakuta kizuizi ambacho huondolewa kwa ruhusa maalumu tu. Masikio yalindwe dhidi ya sauti kubwa ya visikilizio vya simu. Na kwa mtoto wa kisiwani, kuogelea hakuna ada: rubani wa jeshi hufunzwa kujiokoa baharini, na inasikitisha kwamba wapo wanafunzi wa mwambao, hasa mabinti, wanaomaliza skuli bila kujua kuelea.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali itoe maelekezo kwa walimu washauri wa wanafunzi kuhusu kazi za anga, za kijeshi na za kiraia, yakiwa na masharti ya uraia, umri, afya na masomo. Naiomba pia Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar ipange siku za kupokea wanafunzi wa Unguja na Pemba, wakutane na marubani na waongozaji ndege na kuwauliza maswali yao wenyewe. Na vipimo vya macho vifanyike skuli, kabla wanafunzi wa Kidato cha Pili hawajaandika masomo watakayoendelea nayo.

Ahsante.

Mwalimu wa Fizikia,
Wete, Pemba