Barua kwa Mwanaisha

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara nne. Wasema mwenzenu wa wodini amejiua, halafu papo hapo waniuliza bei ya mabati. Nami nakuuliza: walala?

Usinijibu "niko sawa, mama." Hiyo niko sawa ya manesi naijua, nimeivaa miaka thelathini pamoja na kofia.

Nduguyo amenisomea takwimu za serikali ya huko Uingereza: kati ya 2011 na 2015, wauguzi wanawake walijiua kwa kiwango kilichozidi cha wanawake kwa jumla kwa asilimia 23. Sikushangaa. Saa tisa za usiku wamfumba maiti macho, saa tisa na robo wampelekea wa kitanda cha pili dawa, na uso uwe mkunjufu. Ya watu wayapokea wewe. Yako yapokewa na nani?

Najivunia wewe, Likoni nzima imeshachoka kunisikia. Lakini hizo zamu za ziada za kututumia pesa sizipendi, wala sikukutuma. Haya, za paa nilikutuma.

Mimi ndiye niliyekufundisha kwamba nesi halii mbele ya mgonjwa. Ile miaka ya ukimwi, dawa hazijafika, nilikuwa nikirudi najifungia uani nafua sare mara mbili, nanyi mwaambiwa nyamazeni, mama amechoka. Si uchovu ule.

Na huyo mwenzako, usijiulize kutwa mbona hukuona. Alikuwa nesi, alijua kuficha.

Walala, Mwanaisha? Fikra ya kufa ikikujia, usiifiche kwa kuogopea leseni. Mwambie daktari wako, au piga 116 123, ni Samaritans wa huko Uingereza, kazi yao kumsikiliza aliyeelemewa, bure, usiku na mchana. Huku Kenya hata sheria ilikuwa yamshtaki aliyejaribu kujiua. Mahakama Kuu iliikataa Januari 2025. Sasa wewe wamwogopa nani? Kisha nipigie mimi, saa yoyote. Unipigie, si ujumbe wa sauti.

Fundi asema tuezeke upande wa jikoni kwanza, wa sebuleni utangoja hata mwakani, kwa hivyo usitume kitu mwezi huu. Paka amezaa watatu ndani ya kabati, juu ya sare zangu za zamani. Nimemwacha.

Mamako