Barua ya wazi kwa Mh. Waziri: lile komeo la choo liliishia wapi?

Shikamoo Mheshimiwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Mi mzazi tu, mwanangu yuko darasa la sita na ni mjumbe wa baraza la watoto la kata.

Mwaka jana waliitwa kwenye kikao cha kukusanya maoni, walioandaa siwataji sitaki kesi. Watoto wamevalishwa tisheti zinawafika magotini, wakaimba, ngonjera, makofi, halafu wakagawiwa karatasi wasome maoni yao ambayo yalishachapwa tayari, wangu neno uwezeshwaji likamshinda mara mbili watu wakacheka. Mwishoni kuna binti akanyoosha mkono, karatasi hana, akasema choo cha wasichana shuleni kwao hakina komeo kwa hiyo wanaenda wawiliwawili, mmoja anashikilia mlango. Kimyaa. MC akasema mpigieni makofi, tukaenda kwenye soda na sambusa. Sikuona hata mtu mmoja anaandika.

Sheria ipo Mheshimiwa. Sheria ya Mtoto ya 2009 kifungu cha 11 inasema mtoto asikilizwe na ashiriki kwenye maamuzi yanayomhusu, na mkataba wa UN wa haki za mtoto tuliuridhia tangu 1991. Kamati ya UN inayosimamia mkataba huo 2009 ikatoa masharti 9 ya kushirikisha watoto, mtoto aje kwa hiari, awe salama, wanaowahoji wawe wamefundishwa, na aambiwe maoni yake yalifanyiwa nini. Hilo la mwisho ndo mnalolikwepa.

Tunaomba waraka wenye meno. Ripoti ikiandika watoto walishirikishwa, isipokelewe mpaka ioneshe waliulizwa nini, kwa Kiswahili gani, na nani aliwachagua (maana kila mwaka ni walewale wanaojua kuongea, mtoto asiyesikia sijawahi kumuona pale ukumbini). Mtoto akianza kusema anapigwa nyumbani kamera izimwe, jamani, hiyo sio ya kurusha Insta. Halafu mrudi kwa watoto walewale na majibu, hata kama jibu ni hela hamna, wataelewa, watoto wetu neno hilo wanalisikia kila siku.

Wangu juzi kaniuliza kama lile komeo lilishawekwa. Nikamwambia ntauliza, ndo nauliza sasa.