Kwa shangazi yangu anayesema ndege zote hudondoka kidogo

Shikamoo shangazi,

Umelalamika tena kwamba ndege ilipaa vizuri, kisha baada ya dakika moja hivi ikadondoka, tumbo likakuachia, ukamng'ang'ania mkono abiria usiyemjua. Nakujibu hadharani kwa sababu hauko peke yako. Wapo wanaume wazima na ndevu zao wanaofumba macho dakika hiyohiyo, wakijifanya wamelala.

Ndege haikudondoka, shangazi. Ilikuwa bado inapanda. Wakati wa kuruka injini husukuma kwa nguvu kubwa. Ikishafika kama mita 450 hivi kutoka ardhini, nguvu hiyo hupunguzwa, pua huinamishwa kidogo ili kasi iongezeke, na vile vipande vya nyuma ya mabawa huanza kurudishwa ndani. Kwa hiyo mngurumo unafifia ghafla na mgongo hausukumwi tena kama mwanzo. Wewe unasikia injini "imezima". Haijazima.

Anayekudanganya ni sikio lako mwenyewe. Ndani kabisa mna vichembe vidogo vya chokaa vilivyolala juu ya vinywele vidogo. Ukiinua uso juu, vichembe hivyo huegemea nyuma. Ndege ikiongeza kasi, huegemea nyuma vilevile. Ubongo hauwezi kutofautisha mambo hayo mawili, hasa macho yakiwa hayaoni ila mgongo wa kiti cha mbele. Ndiyo maana wakati wa kuruka unaapa kwamba mmeelekea mbinguni, kumbe pua imeinuka nyuzi 15 tu au zaidi kidogo. Msukumo ukipungua, vichembe vinarudi mbele, na ubongo unatangaza: tunaanguka! Hata marubani hudanganywa hivyo wakiwa mawinguni, na hufundishwa kuamini vipimo vilivyo mbele yao kuliko miili yao.

Ule mshtuko mwingine, ndege inapolala upande nawe unaona ardhi imesimama dirishani huku mwili ukikwambia umekaa wima, nao ni huohuo. Kona ikikatwa vizuri, uzito wako unaelekea sakafuni moja kwa moja. Shika chupa ya maji uyatazame: yametulia sambamba na sakafu, wakati upeo wa macho nje umeinama upande.

Kishindo chini ya miguu ni magurudumu yanaingia. Hilo halina maelezo zaidi.

Na kuhusu sketi kubana kiunoni, usikilaumu chakula. Ndege ikiwa juu sana, hewa ya ndani huwa nyepesi kama ya mlimani, mita 1,800 hadi 2,400, na gesi iliyomo tumboni inaweza kutanuka karibu theluthi nzima. Soda kabla ya kupanda ni kujitafutia. Masikio nayo, mkiwa mnapanda, hujizibua yenyewe kwa kumeza mate. Kazi ni wakati wa kushuka, hapo usilale, tafuna kitu.

Ukikata tiketi tena, omba kiti cha dirishani usawa wa mabawa, maana huko mtikisiko ni mdogo, na upeo wa macho utausaidia ubongo wako kujua uko wapi. Ukiwa na mafua makali, muone daktari kwanza kabla ya kusafiri.

Mwanao.