Maua na mboga vinakaa tuta moja

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Huku Moshi watu wanatandika pevingi uwanja mzima halafu mchicha wananunua sokoni, jamani! Mie nyuma ya nyumba nina kieneo hata gari mbili hazienei, mpakani nimepanda masale kama wazee wetu, ndani nimechapa matuta ya upana wa mita 1 ili mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo, nyanya nimeziachia sentimita 60 na katikati yake marigodi, yale maua ya njano yananuka ukiyafikicha. Jirani alicheka weee, ila mwaka juzi niling'oa nyanya mizizi ina vinundu kama karanga, ndo minyoo fundo hiyo, na marigodi inaipunguza, bora uitangulize kabla ya nyanya maana ukichelewa haisaidii sana. Kumwagilia ni asubuhi, chini kwenye shina, sio juu ya majani unaita ukungu. Kosa langu mnanaa, niliupanda tutani sasa umetambaa mpaka kwenye vitunguu, nyie uwekeni kwenye ndoo. Saa hizi figiri ipo, zinia nyekundu zimechanua, na kuku wa jirani nao wameshajua njia.

Msomaji wenu, Moshi