Kihamba hakilindwi kwa geti

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzetu wa Kilimanjaro walioko Dar es Salaam, Arusha na ng'ambo, wanaorudi nyumbani mlimani kila Desemba. Kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, wanakipenda, hilo halina ubishi. Ila mapenzi yenyewe yanaishia kwenye nyumba: vigae, geti, pevingi uani kote. Masale, jani ambalo Mchagga humpelekea aliyemkosea akiomba radhi, yanang'olewa mpakani kupisha ukuta. Baada ya siku kumi geti linafungwa.

Mvua iliyokuwa ikinywewa na ardhi sasa inateremka njiani na udongo wa juu. Mruka, mti mkubwa wa kivuli kihambani, ukikatwa ili paa lionekane, kahawa inakosa kivuli na majani ya kuoza. Tena mruka ni jamii ya mikunde, unaongeza nitrojeni ardhini; mgrevilea unaopandwa badala yake unatoa mbao, lakini kazi hiyo hauifanyi.

Mgomba nao haujitunzi. Kila shina libaki na mama, mtoto na mjukuu. Machipukizi mengine yatolewe pamoja na kiini, kwa sababu yakifyekwa juu juu huchipua tena. Mchare, mgomba wa ndizi za kupika, ukiachwa miaka miwili unakuwa kichaka: mikungu midogo, mizizi imepanda juu ya udongo, upepo ukivuma migomba yote inalala chini. Humo ndimo fukusi, wadudu wanaotoboa mgomba, wanamozaliana. Chukua gogo la mgomba uliovunwa, kata vipande vya nusu mita, pasua katikati, laza upande uliopasuliwa chini karibu na shina. Siku ya tatu inua, okota fukusi, waue.

Mlinzi wa nyumba hakuajiriwa kwa haya. Na mfongo, mfereji wetu wa maji ya kumwagilia, ndio unaoumiza zaidi, kwa kuwa husafishwa kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji: kila geti lililofungwa ni jembe moja pungufu, na tope likijaa mahali pamoja tu, wa chini hawapati maji.

Kwa hiyo Desemba hii, kabla ya kuagiza lori jingine la saruji, nunueni samadi iliyooza. Madebe mawili kwa kila shina, yamwagwe kulizunguka bila kuligusa, yafunikwe kwa majani makavu. Ulizeni msaragambo ni siku gani, mwende na majembe. Na huyo mlinzi anayebaki, mwongezeeni ujira wa shamba, mkihesabu mashina aliyopunguzia machipukizi.

Mpenda vihamba,
Moshi Vijijini